Hatari Hupita Dilolo, Fedha Hubaki Kolwezi

Tarehe 17 Novemba 2025 ndege iliyombeba waziri wa migodi wa Kongo, Louis Watum Kabamba, ilitoka nje ya njia ikitua Kolwezi na kushika moto. Waliokuwamo walitoka wote wakiwa hai. Waziri alikuwa akienda Kalando, ambako siku mbili kabla daraja la mgodini lilianguka na kuua watu wasiopungua 32. Baada ya ajali ile ya ndege nilisikia neno moja kila nilipokaa: Mungu ni mkubwa. Ashukuriwe, kweli. Kilichoniudhi ni kwamba maongezi yaliishia hapo, kana kwamba moto ni jambo la Mungu na waziri tu.

Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka zimamoto wa uwanja wafike penye ajali, popote kwenye njia ya ndege, ndani ya dakika 3. Migodi mikubwa nayo ina vikosi vyake ndani ya ua. Lakini kati ya ua na ua kuna watu, na kutoka Kolwezi kwenda mpaka wa Angola kuna reli ya kilomita zipatazo 400, inayopita Mutshatsha na Kasaji hadi Dilolo. Huko dakika 3 ni za nani? Nasema waziwazi: jimbo letu la Lualaba linahitaji kikosi chake cha zimamoto na uokoaji, chenye vituo kando ya reli hiyo, na Dilolo iwe ya kwanza kupata chake.

Wapo wanaosema kompani za migodi zina magari na watu waliofundishwa, zikiombwa zitakuja. Wengine wanasema Dilolo ni mji mdogo, gari la zimamoto ni ghali, na hospitali na shule zitangulie. Hoja hizi zina ukweli wake. Kompani hukopesha gari zikipenda, na shule kweli zinahitaji paa.

Ila tazama kinachopita pale. Reli ya Benguela iliunganishwa na Katanga mwaka 1931, ikakatwa na vita vya Angola, ikafufuliwa hadi Luau, ng'ambo tu ya Dilolo, na kuzinduliwa upya mwaka 2015. Leo upande wa Angola unaendeshwa na kompani ya Lobito Atlantic Railway, na Marekani imekubali kuikopesha dola milioni 553. Shaba inashuka kwenda bandari ya Lobito. Salfa inapanda kuja viwandani kutengenezewa asidi. Salfa huwaka kwa mwali wa buluu ambao mchana wa jua kali hauonekani vizuri, na moshi wake hubana pumzi hata kwa mtu aliye mbali na behewa. Asidi nayo ina ukaidi wake: mtu aliyemwagikiwa huoshwa kwa maji mengi, lakini ukirusha maji kidogo kwenye dimbwi la asidi kali, linachemka na kukurudia usoni. Mambo haya hayakisiwi siku ya ajali. Tarehe 20 Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, kamyo la asidi liligongana na basi dogo, na watu wapatao 20 walikufa.  Kamyo lile lilikuwa linapita tu.

Neno hilo, kupita, ndilo kiini cha shauri lote. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au cheferi ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Lile fungu la 15 linafuata shimo. Penye shimo fedha huingia. Pasipo shimo haiingii hata franka moja, ingawa kila behewa linalotoka shimoni humo humo linapita nyuma ya nyumba za watu. Aliyeandika kifungu hicho alidhani madhara ya mgodi yanakaa mgodini. Hayakai. Yana magurudumu. Mama anayekaanga mikate kwenye mbabula karibu na stesheni ya Dilolo anabeba sehemu yake ya hatari kila treni inapopiga honi, na mgawo wake ni sifuri.

Na hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Fungu la 25 halifuati shimo. Ni la jimbo zima, na Dilolo ni Lualaba sawa na Kolwezi. Basi tusiambiwe sheria imefunga mikono ya gavana, wala tusiambiwe tungoje hisani ya kompani. Zimamoto wa kompani ni mfanyakazi wa kompani: mkubwa wake ndiye anayemwambia atoke getini au abaki. Hakagui soko, hahesabu vidumu vya petroli vya wale wauzaji wa barabarani tunaowaita Kadhafi, hafundishi watoto wa shule kukimbia kinyume cha upepo. Hizo ndizo kazi za zimamoto siku ambazo hakuna moto, nazo ni nyingi kuliko siku za moto. Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010, tangi la mafuta lilipinduka, watu wakakaribia kuchota, na zaidi ya 230 wakafa. Kabla mtu hajahitaji mpira wa maji pale, alihitajika mtu mwenye sare na amri wa kuwarudisha watu nyuma.

Na hata kompani ikiwa na moyo mweupe, gari lake liko Kolwezi. Mvua zikishika, makamyo hulala njiani siku kadhaa. Msaada wa namna hiyo unafika kuzika.

Kikao cha bajeti cha bunge la jimbo hufunguliwa Septemba, nyasi za Dilolo zikiwa bado kavu na mvua ndiyo kwanza inanusa. Waheshimiwa waliochaguliwa Dilolo watakuwa wamekaa mle ndani, na daftari la bajeti mbele yao. Wafungue, watafute mstari wa zimamoto, kisha waje stesheni watuambie uko ukurasa gani.