Daftari Liulize: Amekuwaje?

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali ya duka yahitaji daftari, sembuse afya ya watu, ambayo ikishapotea si rahisi kuipata tena hata kwa fedha nyingi. Kwa hiyo napenda kuwaeleza wasomaji jinsi hali za watu zinavyoandikwa katika shehia zetu za Unguja, kama hii yetu ya Bwejuu, na kwa nini nadhani daftari hilo, ijapokuwa ni jema, lataka kuongezewa swali moja.

Kwanza yuko sheha, ambaye kazi yake mojawapo ni kuwajua wakaazi wake, nani amehamia na nani ameondoka. Pili wako wahudumu wa afya wa kujitolea. Mpango uitwao Jamii ni Afya, ambao kufikia mwaka 2021 ulikuwa umeenea wilaya zote 11 za Unguja na Pemba, uliwapa wahudumu zaidi ya 2,000 simu zenye programu ya kuwaongoza. Mhudumu hupiga hodi nyumba kwa nyumba, akamwuliza mama mjamzito na mwenye mtoto aliye chini ya miaka 5, na majibu yao akayaingiza simuni. Tatu kuna orodha ya wazee. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kutoa Pencheni Jamii kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe alipata kuajiriwa au alikuwa mvuvi tu. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000.

Haya yote ni ya kushukuriwa. Lakini tuangalie vizuri: kuhesabu kazi iliyofanywa si sawa na kuhesabu matokeo yake. Ni rahisi kuandika kuwa nyumba kadha wa kadha zimetembelewa na wazee kadha wamelipwa. Swali gumu ni hili: baada ya hapo, mtu yule amekuwaje? Mama aliyeambiwa aende hospitali, je, alipata gari ya kumfikisha, na amejifungua salama? Mzee aliyepokea fedha zake, yuko wa kumtekea maji na kumpikia, au fedha zimo mfukoni na yeye amelala na njaa? Mwanamke wa mwani, kazi iliyoanza pwani hii ya mashariki mwaka 1989, ambaye huinama majini saa nyingi, nani amwulizaye habari ya mgongo wake?

Pengine mtu atasema kuwa mambo hayo hayawezekani kufuatwa. Mimi nasema yanawezekana, na ushahidi tunao hapa hapa visiwani. Mwaka 2008 vituo vya afya vilianza kupeleka kwa simu hesabu za wagonjwa wa malaria kila wiki. Kisha, tangu mwaka 2012, hesabu ikapewa miguu: mgonjwa akionekana kituoni, habari hupelekwa kwa ofisa wa wilaya, naye huenda mpaka nyumbani kwa mgonjwa, akawapima wanaokaa naye, na aliye na vimelea akapewa dawa. Pamoja na vyandarua na dawa ya kupulizwa ukutani, kazi hiyo imesaidia sana kuishusha malaria, ambayo zamani ilikuwa ikiwamaliza watoto wetu. Basi tofauti ni ndogo lakini ni kubwa: namba haikulala ofisini, bali ilirudi kwenye mlango ilikotoka.

Wapo watakaoogopa siri za watu kutoka nje. Hofu hiyo ni ya haki, maana kijiji ni kidogo na maneno yana mbio. Lakini sisemi majina yasomwe. Yasomwe mafungu tu: mwaka huu wajawazito walikuwa wangapi, waliojifungulia hospitali wangapi, watoto waliomaliza chanjo wangapi, wazee wanaokaa peke yao wangapi. Sheha na wazee wa baraza la ushauri wakiyatoa hayo mbele ya watu kila baada ya miezi michache, kila mmoja ataona penye pengo. Wenye gari watajua kuwa usiku wanahitajiwa, na jirani atajua kuwa karibu naye yuko mtu wa kuangaliwa. Na wahudumu, ambao hujitolea katika jua na mvua, wataona kuwa jasho lao limezaa kitu.

Wazazi nao wasimfiche mhudumu ukweli kwa kuona haya, kwani daftari lililojazwa maneno ya uongo ni baya kuliko lisilojazwa. Nasi wanafunzi, hasa tunaokaa dakhalia, tukirudi likizoni tusiwe wageni vijijini kwetu. Tumefundishwa hesabu na tunajua kusoma jedwali. Tuwasomee wazee kadi zao, tuwakumbushe siku zao za kwenda kliniki, na barazani tuulize kwa adabu.

Mtu akihesabiwa, ana haki ya kujua hesabu imemletea nini. Hilo likikosekana, wakaazi watachoka kufungua milango, na daftari letu litajaa hodi zisizoitikiwa.