Bunduki tatu si ushahidi

Wadau, leo naungama. Wiki iliyopita niliandika gazetini, chini ya picha: "baiskeli ya Vita Kuu ya Pili". Ushahidi wangu? Chapa ya bunduki tatu, na rangi ya kijani. Basi. Asubuhi mzee mmoja akapiga simu, akacheka kabla hata ya salamu. "Mwanangu, hiyo ni BSA tu. Sisi tumeendea nayo shamba."

Nikaenda kusoma (kazi ambayo ningeifanya kabla ya kuandika). BSA ni Birmingham Small Arms, kampuni ya mafundi bunduki wa Uingereza iliyoanzishwa 1861. Ilipoingia kwenye baiskeli, bunduki zikabaki kwenye chapa, hata kwa baiskeli za raia.

Ile ya jeshi ya kukunjwa huwezi kuikosea. Zilitengenezwa kama 70,000 wakati wa vita, kwa ajili ya askari wa miamvuli. Fremu ni mabomba mawili mawili yaliyopinda, yenye bawaba na nati za masikio, inakunjwa katikati. Pedeli ni vijiti tu, unavisukuma ndani visimchome anayeibeba.

Sasa nyie mnaopulizia kijani baiskeli za babu zenu ili mziuze kama za vita, mnanikera. Rangi inaziba namba iliyogongwa kwenye fremu, yaani kitu ambacho kingetusaidia kujua ukweli. Na baiskeli iliyobeba gunia la mahindi miaka thelathini, kwani hiyo si historia?

Masahihisho yangu yanatoka kesho. Ukurasa wa ndani, chini kabisa, maandishi madogo.