Kura Yako, Nauli Yako

Kila mtu akitaja kura ya posta, wanasiasa huuliza swali moja tu: itamfaa nani?

Swali hilo lina jibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichunguza majimbo matatu ya Marekani, California, Utah na Washington, na mwaka 2020 wakachapisha walichokiona: kumpelekea kila mpiga kura karatasi yake nyumbani hakukukipa chama chochote nafuu. Waliopiga kura waliongezeka kidogo. Basi.

Utaratibu wenye upendeleo ni huu tulio nao. Mtu wa Kitui au Makueni anayechoma chapati Mombasa, au aliye soja wa geti Nairobi, lazima apige kura alikojiandikisha: Mwingi, Mutomo, Wote. Nauli ni yake, na kibarua cha siku hiyo kimeenda. Asiyejiweza hungoja basi la mwanasiasa, na basi hilo, ndugu yangu, si la bure. Anayelikodi ndiye huamua lipitie mtaa gani na libebe kina nani.

Eti wajiandikishe Nairobi? Kwani shamba liko wapi? Watoto wanasoma wapi? Mama anachota maji mto upi? Gavana na MCA wanaowahusu wako nyumbani, si Embakasi.

Walio ng'ambo ndio hoi zaidi. Katiba ya 2010, kifungu cha 82, inataka haki yao ya kupiga kura itekelezwe hatua kwa hatua. Mwaka 2013 tulianza na Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Kufikia 2022 nchi zilikuwa 12 na walioandikishwa 10,443, tena kwa kura ya rais peke yake. Saudi Arabia, waliko maelfu ya dada zetu, haikuwemo. Wafungwa wetu wanamchagua rais tangu 2017, na ni haki yao. Lakini msichana wa Mwingi anayefua nguo Riyadh, yeye alihukumiwa na nani?

Sisemi Posta yetu iko tayari. Vijijini wengi hupokea barua kupitia sanduku la shule au la kanisa. Bahasha ya kura ikipita hapo, mwalimu mkuu ataishika kabla yako. Na huko Birmingham, Uingereza, kura za posta ziliibwa mwaka 2004 mpaka jaji akafuta matokeo. Hofu hiyo ni ya kweli. Basi IEBC ifungue vituo Riyadh na Jeddah, na Nairobi na Mombasa iweke vituo ambapo mtu wa Makueni atapigia kura viti vya Makueni.

Mwaka 2022 urais uliamuliwa kwa tofauti ya kura 233,211. Vyama vinaijua hesabu hiyo, ndiyo maana vinataka kwanza kujua kura mpya ni za nani. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Mwanasiasa akija kwenu kuomba kura, muulize: binti wa jirani aliye Riyadh atapigia wapi? Akikujibu kwamba atakodi basi, mwambie Riyadh haliendi.