Uzamivu hauna kengele, nyumba ijipange mapema

Barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamivu ikifika katika nyumba ya Magoma, bondeni chini ya milima ya Usambara, hushangiliwa kama harusi. Ndugu wanapiga simu, na jina la "dokta" linaanza kutumika hata kabla ya ada kulipwa.

Linalosahaulika siku hiyo ni kwamba anayeanza safari si mtu mmoja. Mume au mke, watoto, na bibi atakayebaki nao, wote wameandikishwa bila kujaza fomu.

Shule ya msingi, sekondari na hata shahada ya kwanza zina kengele. Kuna ratiba, mtihani, likizo na siku ya matokeo, na familia inajua lini msomi wao anarudi.

Uzamivu hauna kengele. Baada ya usajili, mwanafunzi anakuwa na msimamizi, mada, na miaka ya kuipanga mwenyewe. Asipoipanga, itapangwa na misiba, wageni, uchovu na madeni. Ndiyo maana maandalizi makubwa ya masomo haya yanafanyika nyumbani, kabla ya begi kufungwa.

Miaka mitatu ya kwenye karatasi

Vyuo vingi humwandikia mwanafunzi wa muda wote miaka 3 au 4. Familia ihesabu mwaka mmoja zaidi, na sababu yake si uvivu.

Chukua mfano wa mwalimu wa sekondari, mama wa watoto wawili, anayetoka Magoma kwenda Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, mjini Morogoro. Anataka kuchunguza mbu wanaoeneza malaria katika vijiji vya kwao.

Kwanza ataandika pendekezo la utafiti na kulitetea mbele ya idara. Kwa kuwa utafiti unagusa afya za watu, atahitaji kibali cha maadili, na ngazi ya taifa kinashughulikiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kisha barua ya utambulisho itapita kwa katibu tawala wa mkoa Tanga, itashuka wilayani Korogwe, ifike kwa mtendaji wa kata, na mwisho kwa mwenyekiti wa kijiji.

Masika huanza Machi hadi Mei. Kibali kikitoka Juni, mbu wa masika wameshapita. Mwalimu huyo atasubiri vuli, au masika ya mwaka unaofuata. Barua moja iliyochelewa wiki chache inaweza kuongeza miezi mingi ya kodi ya chumba Morogoro, na mtoto akasherehekea siku ya kuzaliwa mara moja zaidi bila mama.

Milima ya Usambara imezoea kazi za namna hii. Kituo cha utafiti cha Amani, upande wa Usambara Mashariki, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Tauni ilipozuka Lushoto mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20, watafiti wa SUA na wenzao walifuatilia panya na viroboto kijiji kwa kijiji. Wengine walilinganisha vijiji vya bondeni na vya juu, wakaona maambukizi ya malaria yanapungua sana kadiri mtu anavyopanda mlima.

Majibu kama hayo hayapatikani kwa msimu mmoja. Familia ikilielewa hilo tangu mwanzo, haitamuuliza mwanafunzi kila Krismasi au kila Idi, "Hivi wewe unamaliza lini?"

Fedha zizungumzwe kwa tarakimu

Ufadhili ukisomeka "umelipiwa kila kitu", wanandoa wakae chini na kuuliza kila kitu ni kipi. Ada imo? Gharama za kwenda uwandani zimo? Posho inaingia kila mwezi au kila muhula? Ikichelewa miezi miwili, nyumba itakula nini?

Mtumishi wa umma apate ruhusa ya masomo kwa maandishi kutoka kwa mwajiri kabla ya kuondoka, na aulize mapema kuhusu mshahara wake na bima ya afya ya wategemezi. Ahadi ya mdomo ofisini haimsaidii mtoto aliyelazwa.

Orodha ya gharama iandikwe yote: kodi, nauli ya Magoma hadi Korogwe na Korogwe hadi Morogoro, bando, kuchapa na kudurufu, chakula. Jambo dogo linaloumiza wengi ni kompyuta kuibiwa au kuharibika ikiwa na kazi ya miaka miwili. Nakala ya kazi ihifadhiwe sehemu mbili zaidi, mojawapo nje ya chumba anacholala.

Pia wanandoa wakubaliane nani ana mamlaka ya kutumia fedha nyumbani. Baba anayekwenda kusoma na kutaka kila shilingi iombwe kwa simu anamwacha mkewe akiwa na majukumu yote bila nguvu ya kuyatimiza. Mahindi hayasubiri palizi mpaka mtafiti atoke maabara.

Mtoto anayebaki

Mtoto wa miaka mitatu haelewi "mama atarudi mwezi ujao". Anaelewa kinachojirudia. Simu ya dakika kumi kila siku saa 1 jioni, kabla ya chakula, inamtuliza kuliko simu ya saa nzima inayokuja siku isiyojulikana. Asidanganywe kwamba mama amekwenda dukani. Aambiwe ukweli kwa maneno mafupi, na aonyeshwe kwenye kalenda siku ambayo mama atafika.

Bibi au shangazi anayebaki na watoto asiachiwe baraka tu. Aachiwe kadi ya kliniki, kadi ya bima, namba ya mwalimu wa darasa na fedha ya dharura. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Dozi hiyo ya pili husahaulika kirahisi mzazi aliyekuwa akiifuatilia anapokuwa mbali, basi tarehe yake iandikwe mahali mlezi anapoiona.

Anayebaki naye ni mtu. Mume aliyezoea kukuta chakula mezani atalazimika kupika, kuogesha na kwenda kikao cha wazazi shuleni. Ni vizuri aanze wiki kadhaa kabla ya mkewe kuondoka, ili watoto wasibadilishiwe kila kitu kwa siku moja.

Ambaye yupo lakini hayupo

Wengine hawasafiri, au hurudi nyumbani kuandika. Hapo huja tatizo jingine. Ndugu wanamwona mtu mzima amekaa na kompyuta kutwa, hana kiatu cha kazini wala saa ya kutoka. Atatumwa sokoni, atapewa watoto wa jirani awaangalie, atatarajiwa kila msiba kuanzia kuchimba kaburi hadi arobaini.

Nyumba imwekee kengele. Kwa mfano, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana ni saa za kazi, na mwenzake ndiye anayewajibu wanaobisha hodi. Mkwe akieleweshwa kwa heshima na mtoto wake mwenyewe, lawama hupungua. Akieleweshwa na mkamwana, inaonekana jeuri.

Na kengele hiyo ilie pande zote mbili. Jioni ikifika, kompyuta ifungwe. Siku moja ya wiki iwe ya familia, bila tasnifu.

Msimamizi si mzazi wala adui

Baada ya nyumbani, uhusiano unaoamua mengi ni wa mwanafunzi na msimamizi wake. Mwezi wa kwanza wakubaliane mambo matatu: watakutana kila baada ya muda gani, msimamizi atarudisha sura iliyosomwa ndani ya siku ngapi, na nani atashauri akisafiri.

Baada ya kila kikao, mwanafunzi amtumie ujumbe mfupi wa kile walichokubaliana. Haya si mambo ya kutoaminiana, kwani msimamizi mwenye wanafunzi wengi husahau, na maandishi hukumbusha bila ugomvi.

Ni vyema pia ajue kwamba mwanafunzi ana familia. Mama anayenyonyesha akisema hivyo mapema, ratiba ya uwandani inaweza kupangwa vizuri. Akinyamaza, kuchelewa kwake kunasomeka kama uzembe.

Uchovu unapogeuka ugonjwa

Mwaka 2017 watafiti wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi wa uzamivu 3,659 katika vyuo vya Flanders. Takribani mmoja kati ya watatu alikuwa katika hatari ya kupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na hali hiyo ni mvutano kati ya kazi na familia, wingi wa kazi, na namna msimamizi anavyoongoza.

Flanders si Usambara, lakini mvutano wa kazi na familia hauhitaji mkalimani.

Mwenza ndiye huona dalili kwanza: usingizi kukatika, hamu ya kula kuisha, hasira kwa jambo dogo, kukwepa simu za nyumbani, kusema hana maana. Zikidumu zaidi ya wiki mbili, aende kituo cha afya kama ambavyo angekwenda kwa homa. Akizungumzia kujiua, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wilaya ya Korogwe haina sababu ya kulionea haya jambo hili. Hospitali ya Lutindi, huko huko milimani, imekuwa ikihudumia wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka 100. Kutibiwa akili si kulogwa, wala si adhabu ya kusoma sana.

Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa, uzazi au matatizo ya familia. Anayeahirisha kwa barua anarudi akiwa bado mwanafunzi. Anayetoweka kimya kimya anapoteza nafasi na miaka aliyokwisha kuitumia.

Inawezekana

Wangari Maathai wa Kenya alipata shahada ya uzamivu katika chuo kikuu cha Nairobi mwaka 1971, akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika kiwango hicho. Wakati huo alikuwa ameolewa, tayari ni mama, na anafundisha chuoni hapo. Sehemu ya masomo yake aliifanyia Ujerumani, kisha akarudi kumalizia nyumbani.

Mpango wa kugawa muda hivyo bado unawafaa wazazi wengi: miezi kadhaa ugenini kwa maabara na maktaba, miezi mingine karibu na watoto kwa kukusanya taarifa na kuandika. Ni swali la kuuliza kabla ya kusaini fomu za ufadhili.

Kabla ya siku ya kusafiri, wanandoa waandike ukurasa mmoja tu. Uwe na bajeti ya mwezi na ya dharura, jina la anayewajibika kwa watoto na lilipo kabati la kadi zao, saa ya simu ya kila siku, tarehe za kurudi nyumbani, na siku ya kukaa tena kuuangalia mkataba huo, mathalani kila baada ya miezi sita.

Wakishindwa kukubaliana juu ya ukurasa huo wakiwa meza moja, wasitegemee kukubaliana kwa simu, mmoja akiwa Morogoro na mwingine Magoma. Waahirishe safari muhula mmoja, wamalize mazungumzo kwanza. Chuo kitakuwepo.