Masikio Kwanza, Kisha Ulimi



Mutoto ametimiza miaka mitatu, anasema "mama" na "hapana", basi. Jirani anasema: ngojeeni tu, hata baba yake alichelewa. Mwingine anatafuta mutu wa kumukata uzi chini ya ulimi. Mwingine anashitaki luga: nyumbani Kinande, soko Kiswahili, shule Kifaransa! Hapana. Luga mbili ao tatu hazifungi kinywa cha mutoto.

Someni tena Marko 7. Walimuletea Yesu mutu asiyesikia, tena aliyesema kwa shida. Yesu alimutenga na watu, akagusa masikio kwanza, kisha ulimi. Mimi ninapenda ule mupango. Sisi tunakimbilia ulimi, masikio tunayasahau.

Meninjite, masikio yenye kutoka usaha kila mara, hata dawa zingine za sindano kama gentamisini, zinaweza kupunguza kusikia. Musimame nyuma ya mutoto, mumwite jina kwa sauti ya chini. Musipige mikono mbele yake, ataiona. Kama hageuki, ao kama ametimiza miaka miwili na hajaunganisha maneno mawili ("leta mayi", "baba kuya"), mumupeleke kituo cha afya waangalie masikio. Musitie mafuta wala mayi ya majani ndani.

Kisha inakuja kazi ya kufundisha kusema, ile Wafaransa wanaita ortofoni. Hakuna sindano, hakuna kidonge. Mwenye kazi hiyo anacheza na mutoto, na zaidi anafundisha muzazi, sababu muzazi ndiye iko naye kutwa. Kwetu watu hao ni wachache sana. Lakini mama akimenya viazi anaweza kuanza: hiki kikubwa, hiki kidogo. Mutoto akisema "mai", asimucheke, amurudishie neno zima: "Ndiyo, unataka mayi ya kunywa." Kisha anyamaze kidogo, amupe wakati wa kujaribu. Kumunyima chakula mpaka aseme? Ile inaleta woga tu.

Mutoto aliyekuwa akisema vizuri kisha akanyamaza, kama ni tangu watu walipokimbia Kirumba mwezi wa sita 2024 ao wakati mwingine, yeye asingojewe hata kidogo. Muganga amuone upesi.

Na masikio yasipofunguka? Andrew Foster, Mwamerika mweusi, alikuwa kiziwi tangu miaka 11 juu ya meninjite. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi kule Accra, Ghana, kisha zingine nyingi katika Afrika, mpaka alipokufa katika ajali ya ndege karibu na Gisenyi, Rwanda, mwaka 1987. Alihubiri Injili kwa mikono, na viziwi wakaelewa. Ile ya mikono ni luga kamili. Basi mutoto wa namna hiyo asifichwe nyumbani siku wenzake wanapoandikwa shuleni. Muulize muganga, muulize muchungaji, ni wapi karibu wanafundisha viziwi.