Dua Iliyomo Ndani ya Salamu



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo liwezalo kudhaniwa dogo, nalo ni kufasiri maneno ya kila siku: ya kusalimiana, kuomba na kuagana. Tumechagua lugha mbili zilizo mbalimbali mno, Kiafrikaans cha Afrika ya Kusini, na Kipashto cha Afghanistan na Pakistan.

Mpashtuni akikukuta njiani au kazini hukwambia, "Staray ma she," yaani, "Usichoke." Nawe yakupasa umjibu, "Khwar ma she," yaani, "Usiwe dhalili wala fukara." Mfasiri akiigeuza salamu hii kwa Kiafrikaans neno kwa neno, msikilizaji atadhani amekatazwa kuchoka! Na akiandika "Goeie dag," yaani "Siku njema," ataeleweka, lakini dua yenyewe ataiacha njiani. Sisi Waswahili hatuhitaji kuelezwa sana, kwani nasi twaambiana, "Pole na kazi."

Kadhalika, atokaye Kiafrikaans kwenda Kipashto ana mtihani wake. Ni lazima ajue asemeshwaye ni mwanamume au mwanamke, kwa sababu mwanamume huambiwa "staray" na mwanamke "stare". Kiafrikaans hakina tofauti hiyo.

Tena Kiafrikaans chenyewe si kimoja katika vinywa vya watu wote. Wazee wa Waislamu wengi wa Cape Town waliletwa huko na Waholanzi tangu karne ya 17, watumwa na waliohamishwa kwao kwa nguvu, kutoka visiwa vya Indonesia, Bara Hindi na kwingineko. Lugha hiyo ilikulia majumbani na madrasani mwao. Aombaye kitu kwa Kiafrikaans cha kawaida husema "asseblief", maana yake "ikikupendeza". Lakini Waislamu hao wana neno lao, "kanala", lililotoka katika Kimalay, na asili yake ni "kwa ajili ya Mwenyezi Mungu." Neno la kwanza lamwachia mtu hiari yake, la pili lamkumbusha Mola wake. Mfasiri asiyelitambua hilo ataugeuza ubao na kuuacha msumari.

Wala watu hao hawakuidharau lugha yao. Katika karne ya 19 waliiandika kwa herufi za Kiarabu, na kuzirekebisha zipate kubeba sauti zisizokuwamo katika Kiarabu, kama walivyofanya Wapashtuni, na kama walivyofanya wazee wetu wa pwani. Sheikh Abu Bakr Effendi, aliyetumwa na dola ya Uthmaniya akafika Cape Town mwaka 1863, alijifunza lugha hiyo ya jikoni, akaitungia kitabu cha fikihi, Bayan al-Din, kilichopigwa chapa Istanbul mwaka 1877. Mwanachuoni mgeni hakuona haya kukaa akafundishwa maneno na wale aliokuja kuwafundisha dini.

Sasa na tutazame majumbani mwetu. Mpashtuni akiagana husema, "Da khuday pa aman," yaani, "Katika amani ya Mungu." Sisi twasema "Kwaheri", nayo ni kumwombea mwenzio heri katika safari yake. Je, watoto wetu walijua hilo? Au walitamka tu huku wamekwisha geuza mgongo?

Tumeamrishwa tukisalimiwa tujibu kwa lililo bora zaidi, au mfano wake. Basi atawezaje kujibu kwa lililo bora yule asiyejua alichoombewa? Enyi akina baba na akina mama, kabla ya kuwafundisha watoto lugha za mbali, wafasirieni kwanza salamu za nyumbani.

Wabillahi tawfiq.