4K ya Kitengela: Tunauziwa Stika, Hatuuziwi Picha

Leo sikuja na mafunzo ya programu. Nimekuja na hasira, kwa hivyo vuteni viti.

Ukishuka stegi ya Kitengela, kabla hujafika unakokwenda utakuwa umepita maduka kadhaa yenye visanduku vyeusi dirishani, kila kimoja na stika ya rangi ya dhahabu: 4K ULTRA HD. Muuzaji anakuita, "Boss, chomeka hii kwa TV yoyote, picha inakuwa 4K." TV yoyote! Nilisomea sayansi ya tarakilishi miaka minne na ninakula kwa kuandika programu, lakini uchawi huo sikufundishwa.

Nasema wazi tangu mwanzo. Kwa nyumba nyingi za Kitengela, na nyingi zaidi kule Isinya, Kajiado mjini na Bisil, kisanduku cha kutiririsha video za 4K ni pesa iliyotupwa. Na kile cha bei rahisi kisichojulikana kilikotoka ni kibaya kuliko hasara. Ni mgeni unayemkaribisha sebuleni, naye usiku anafungulia wenzake mlango.

Kisa cha shangazi

Shangazi yangu anaishi Kajiado mjini. Mwaka jana zamu yake ya chama ilipofika, alinunua kisanduku kama hicho kwa shilingi 4,500. Kule kwake faiba haijafika, kwa hivyo anatumia ruta ndogo ya 4G na kununua bando. Wiki mbili baadaye akanipigia simu: bando ya mwezi inaisha kwa siku tisa. Mshukiwa wa kwanza alikuwa mjukuu wake wa Gredi ya 8. Mtoto akaapa kwamba hachezi michezo usiku. Hakuaminiwa. Ruta ikawa inafungiwa kabatini, na kijana akawa anafanya kazi za shule kwa jirani.

Nilikwenda Jumamosi moja, nikakichukua kile kisanduku na kukileta kwangu Kitengela. Nilikipima wiki nzima kwenye laini iliyotengwa na tarakilishi zangu. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza: macho yako

4K ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani karibu milioni 8.3. HD kamili ni 1920 kwa 1080, yaani karibu milioni 2.1. Ni mara nne, na hapo muuzaji hadanganyi. Lakini picha haikai ndani ya kisanduku. Inakaa kwenye kioo cha TV. TV ya shangazi ni ya inchi 32, na TV nyingi za ukubwa huo hazifiki hata HD kamili. Zina pikseli 1366 kwa 768. Ukimimina debe nzima kwenye kikombe, kikombe hakigeuki kuwa debe.

Na hata ukiwa na TV ya 4K, kuna hesabu ya jicho. Jicho zima hutofautisha nukta mbili zikiachana kwa pembe ya sehemu moja ya 60 ya digrii. TV ya inchi 43 ina upana wa takriban sentimita 95. Gawa kwa 1920, kila pikseli ya HD kamili ina upana wa nusu milimita hivi. Ukikaa mbali zaidi ya mita 1.7, jicho haliwezi tena kuzitenganisha pikseli hizo, na kuzigawa kila moja mara nne hakukuongezei kitu. Kwa inchi 65 umbali huo ni kama mita 2.6. Sasa pima kutoka kochi lako hadi ukutani. Nimepima kwangu: mita tatu kasoro kidogo. TV yangu ni ya inchi 43. Mimi mwenyewe, mtu wa teknolojia, siwezi kuiona 4K nyumbani kwangu bila kusogeza kiti hadi watu wa nyumbani waulize kama niko sawa.

Pili: bomba lako

Netflix inapendekeza laini ya megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K, na megabiti 5 kwa HD kamili. Fanya hesabu: 15 mara sekunde 3,600, gawa kwa 8, unapata gigabaiti 6.75 kwa saa. Filamu ya saa mbili ni gigabaiti 13.5. Kwa HD kamili filamu hiyo hiyo ni gigabaiti 4.5.

Sisi wa Kitengela tuliofikiwa na faiba tunaweza kuringa kidogo. Mwaka 2024 Safaricom ilipandisha kifurushi chake cha chini cha faiba ya nyumbani kutoka megabiti 10 hadi 15. Vizuri. Lakini 15 ndiyo hiyo hiyo 15 ya Netflix. Mtu mmoja akiwasha filamu ya 4K amelimaliza bomba lote, na mwenzake aliye kwenye mkutano wa kazi chumba cha pili anabaki mdomo wazi kama samaki.

Ukishaipita Isinya mambo ni mengine kabisa. Huko wengi wetu tunategemea simu na bando. Starlink ilipofika Kenya Julai 2023 tulishangilia. Novemba 2024 ikasimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani, Kajiado ikiwemo, kwa sababu uwezo wake ulikuwa umejaa, na haikufungua tena hadi 2025. Hiyo inakufundisha kwamba hata bomba linalotoka mbinguni lina kipimo chake.

Tatu: kufuli

Hili wauzaji hawalisemi kamwe, labda kwa sababu hawalijui. Kampuni za filamu hazimpi kila mtu 4K. Kisanduku kinapoomba filamu, huulizwa kitambulisho chake. Mfumo wa Google unaotumika kwenye Android unaitwa Widevine, nao una ngazi. Kisanduku kilichoidhinishwa huwa na L1, ambapo ufunguo wa filamu hushughulikiwa ndani ya sehemu salama ya chipu. Vile visivyoidhinishwa huwa na L3, ngazi ya chini, na huduma kubwa huvipa picha ya kiwango cha kawaida, chini hata ya HD. Juu ya hapo, waya na TV vinapaswa kukubaliana na kinga ya HDCP 2.2. Na ukiwa na hayo yote, Netflix hutoa 4K kwa wanaolipia kifurushi cha Premium pekee.

Kisanduku cha shangazi nilikiwekea programu ya kusoma kitambulisho hicho. Kikajibu: L3. Yaani kile kitu chenye stika ya dhahabu, kwenye huduma hizo za kulipia, kinatoa picha hafifu kuliko simu nyingi za bei ya kati. Stika ilisema RAM ni gigabaiti 8. Programu ikahesabu 2. Ukurasa wa mipangilio ulisema Android 13. Mfumo wenyewe ulipoulizwa ukasema 10. Hapo mtu aliandika uongo kwenye stika, kisha akauandika mara ya pili ndani ya programu. Kama mwandishi wa programu, hilo la pili liliniuma zaidi. Kuna mwenzangu mahali fulani aliyelipwa kuandika mstari huo.

Nne: mgeni wa usiku

Niliacha kisanduku kimewashwa, TV imezimwa, hakuna programu iliyofunguliwa. Nikarekodi kila anwani kinayoitafuta. Usiku kucha, kila baada ya dakika chache, kilikuwa kinaongea na anwani ambazo hazihusiani na video yoyote, na si kupokea tu; kilikuwa kinapakia data kwenda nje. Kufikia asubuhi kilikuwa kimekula zaidi ya gigabaiti moja. Huyo ndiye mwizi wa bando. Mtoto hakuwa na hatia.

Siwezi kuapa ni virusi gani hasa. Lakini si jambo geni. Januari 2023 mtaalamu wa Kanada, Daniel Milisic, alitangaza kwamba kisanduku aina ya T95 alichonunua Amazon kilikuja na programu haribifu kutoka kwenye boksi. Oktoba mwaka huo kampuni ya usalama ya HUMAN ilieleza mtandao mzima wa vifaa hivyo, ikauita BADBOX. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kwa umma kuhusu BADBOX 2.0, na Julai Google ikawashtaki waendeshaji wake, ikisema vifaa zaidi ya milioni 10 visivyoidhinishwa vimeambukizwa. Kazi mojawapo ya vifaa hivyo ni kukodisha laini yako: mhalifu aliye mbali anapita kwenye mtandao wa nyumba yako, na anayefuatilia nyayo zake anafika mlangoni kwako. Nisaidieni hapo. Mama wa Kajiado anayelipa bando kwa pesa za maziwa ndiye anayemlipia mhalifu nauli.

"Wacha wivu"

Najua mtakachosema. Kwamba watu wa kompyuta ni wachoyo wa furaha, kwamba 4K si ya matajiri peke yao, kwamba hata TV ya rangi ilipoingia kuna waliokejeli. Nimesikia.

Basi nikipime kisanduku kizuri kwa haki. Chukua Xiaomi TV Box S ya kizazi cha tatu iliyotoka 2025. Ina kitambulisho halali, ina gigabaiti 32 za hifadhi, na inasoma kodeki ya AV1, ambayo ni habari njema kwetu kwa sababu hupeleka picha ile ile kwa data kidogo kuliko H.264 ya zamani. Kasoro: haina tundu la waya wa mtandao, kwa hivyo unategemea Wi-Fi tu, na ukuta wa mawe wa nyumba zetu hauna huruma. Google TV Streamer ya 2024 ina tundu hilo. Ukiwa na TV ya 4K ya inchi 55 au zaidi, yenye mwanga mzuri wa HDR, na faiba ya megabiti 30, nunua na ufurahie. HDR hasa, ile tofauti ya giza na mwanga, utaiona hata ukiwa mbali. Sina ugomvi nawe.

Ugomvi wangu ni kwamba mtu huyo ni mmoja, na stika inauziwa mia.

Tena tumewahi kupita njia hii. Mwaka 2015 mitambo ya analogi ilipozimwa, kila nyumba ililazimika kutafuta king'amuzi. Tulilalamika sana, lakini kulikuwa na jambo moja la maana: Mamlaka ya Mawasiliano ilichapisha orodha ya ving'amuzi vilivyoidhinishwa, na mwananchi aliweza kuuliza, "Hiki kimo kwenye orodha?" Kisanduku cha kutiririsha video ni hatari kuliko king'amuzi, kwa sababu king'amuzi kilipokea tu, na hiki kinajibu. Kwa nini hiki kiuzwe barabarani kama karanga? Orodha ile ile, ukaguzi ule ule, na duka linalouza uongo lirudishe pesa. Hilo si ombi kubwa.

Kabla hujatoa pesa

Uliza maswali manne. TV yako ina pikseli ngapi? Laini yako inafika megabiti 15 saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni? Kisanduku kimeidhinishwa, yaani ukifungua mipangilio ya Play Store kinasema kimethibitishwa? Na duka litakubali ukiwashe hapo hapo na kukikagua kabla ya kulipa? Jibu moja likiwa "hapana", funga pochi. Nunua cha HD kilichoidhinishwa, au baki na ulicho nacho.

Kama tayari una kile cha stika ya dhahabu, fanya jaribio la shangazi. Angalia salio la data kabla ya kulala, kizimie kila kitu isipokuwa kisanduku, kisha angalia tena asubuhi. Hilo halihitaji digrii.

Duka lilikataa kurudisha pesa. Walisema nimekifungua. Nilikitoa vifuniko nikakiweka mezani kwangu kama ukumbusho, na hakitaona intaneti tena. Shangazi sasa anatumia waya wa HDMI kutoka kwa tarakilishi yangu ya zamani, na kwaya zake anazitazama kwa HD ya kawaida akiwa mita mbili na nusu kutoka kwa TV ya inchi 32. Aliniuliza, "Baba, hii sasa ndiyo 4K?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi mbona naona vizuri?"

Ruta imetoka kabatini. Na mjukuu ameombwa msamaha, jambo ambalo nyanya wa Kajiado hafanyi mara mbili kwa mwaka.